Mtaro wa Cucu: Hadithi ya Aberdare Ambayo Haikuingia Kwenye Video Yangu

Mwaka jana nilitengeneza video ya sekunde tisini kuhusu Treetops. Hata kama hujawahi kufika Nyeri, hiyo hadithi umeisikia mahali: binti mfalme anapanda mti jioni, asubuhi anashuka akiwa malkia. Niliweka ndovu, nikaweka ukungu, nikaweka muziki wa taratibu, halafu sauti yangu ikisema, "Hii ilitokea kwetu, wasee." Video ikaenda. Kwa mtu ambaye kawaida anatazamwa na marafiki zake na mabinamu wawili wa Karatina, manze hiyo ilikuwa noma.

Halafu mjomba akamwonyesha cucu.

Cucu wangu ana miaka themanini na kitu. Cheti cha kuzaliwa hana, lakini anajua alizaliwa karibu na wakati vita vya Hitler vilipoanza. Aliitazama ile video mara mbili, simu ameishikilia mbali na uso vile wazee hufanya. Akanirudishia, akaniuliza kwa Kikuyu, nami nawapa kwa Kiswahili:

"Na sisi je? Kwa hii video yako, sisi tulikuwa tumeenda wapi?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia, "Cucu, ni sekunde tisini tu. Haziwezi kutosha kila kitu."

"Ule mtaro tuliuchimba zaidi ya sekunde tisini," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mtaro gani? Nimeishi pale miaka yote na sikuwa najua mtaro wowote. Hii posti ndiyo jibu nililopata, na ni ndefu kwa sababu sekunde tisini zilishaniaibisha mara moja.

Kwanza niwaelekeze. Nyeri imekaa katikati ya milima miwili. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama mjini, upande wa mashariki unaona Mlima Kenya na vile vilele vyake vyenye barafu, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Geuka magharibi, unaona Aberdare. Aberdare hauna kilele cha kuringa. Ni kama ukuta mrefu wa kijani na buluu, na sehemu yake ya juu kabisa, Lesatima, ina mita 4,001. Watalii wengi hupiga picha ya mlima wa kwanza. Sisi wa Tetu tunaishi miguuni mwa ule wa pili, karibu kiasi kwamba jioni baridi yake inaingia kwa sweta kabla jua lizame.

Sasa cheki hii. Nikiwa darasa la sita shule yetu ilituandalia safari ya kuona wanyama. Tuliamshwa usiku, tukapakiwa kwa basi, tukaenda mpaka Nairobi kuona simba. Nairobi! Ndovu wetu tuliwaacha kilomita chache nyuma ya vyoo vya shule. Hakuna aliyeona kama ni kichekesho. Kwetu msitu haukuwa mahali pa kutembelea. Ulikuwa ule ukuta kule juu, na mbele yake fensi ya umeme. Mimi mwenyewe niliingia ndani ya hiyo mbuga mara ya kwanza nikiwa na miaka 21, na niliingia kutafuta picha za ile video.

Hata jina tunalotumia tumelikopa. Wazee wetu waliuita Nyandarua, jina ambalo wanasema linatokana na ngozi iliyoanikwa, kwa sababu ukitazama ile milima kwa mbali ina mgongo na mikunjo kama ngozi iliyotandazwa juani. Waliutaja katika sala zao pamoja na Kirinyaga. Katika miaka ya 1880 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, akapita hapa na kuipa milima hiyo jina la Lord Aberdare, bwana mkubwa aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia kule London. Huyo bwana hakuwahi kukanyaga hapa. Ila leo hata mimi nikiandika "Nyandarua" nusu yenu mtafikiria ile kaunti ya viazi.

Turudi Treetops, kwa sababu hadithi yenyewe si ya uongo. Eric Sherbrooke Walker alijenga hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928, kisha mwaka 1932 akajenga kibanda juu ya mti msituni ili wageni wake watazame wanyama wakija kunywa maji usiku. Mti wenyewe ulikuwa mugumo. Kama wewe ni Mkikuyu hapo umeshtuka kidogo, kwa sababu chini ya mugumo ndipo wazee walikuwa wakiomba na kutoa sadaka.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ikatangaza Aberdare kuwa mbuga ya kitaifa. Ule wa Mlima Kenya ulikuwa umetangulia mwaka mmoja. Halafu tarehe 5 Februari 1952, Elizabeth, akiwa na miaka 25, akalala Treetops na mumewe Philip. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki usingizini Uingereza. Kwa hiyo ni kweli, alikuwa malkia tayari alipokuwa juu ya ule mti. Lakini alishuka bila kujua, na wote waliokuwa naye hawakujua. Habari alizipata mchana wa tarehe 6 akiwa Sagana Lodge, karibu na Kiganjo, nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa kama zawadi ya harusi. Mimi kwenye video nilisema aliambiwa palepale mtini. Nilikosea, na hakuna hata mmoja wenu aliyenisahihisha. Tulikuwa tunapenda ile hadithi sana kuiuliza maswali.

Na hapo ndipo video yangu iliishia: malkia ameondoka, ndovu wamebaki, muziki. Maisha ya ule msitu hayakuishia hapo.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa Kenya. Vijana wakaingia msituni, Nyandarua na Kirinyaga, wakapigana chini ya jina la Jeshi la Ardhi na Uhuru, wale ambao serikali iliwaita Mau Mau. Mmoja wa viongozi wao wakubwa alikuwa mtoto wa Tetu, Dedan Kimathi, aliyezaliwa mwaka 1920. Msitu ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa wa kuonyeshea wageni ndovu, mwaka 1953 ukatangazwa eneo lililopigwa marufuku. Askari akikuona ndani alikuwa na ruhusa ya kukupiga risasi. Ndege za kivita za Uingereza zikaanza kuangusha mabomu juu ya miti, mwaka 1953 mpaka 1955. Fikiria hilo kwanza: mbuga ya kitaifa yenye miaka mitatu inapigwa mabomu na ile serikali iliyoitangaza. Ndovu na nyati walikufa na kujeruhiwa pamoja na watu.

Tarehe 27 Mei 1954, Treetops ikachomwa moto. Ule mti wa malkia haukuchukua hata miaka miwili na nusu tangu ashuke. Jengo ambalo watalii walikuja kupigia picha baadaye ni lingine, lililojengwa mwaka 1957 ng'ambo ya lile dimbwi. Hili pia sikulisema.

Sasa tufike kwa mtaro.

Nilimrudia cucu wiki iliyofuata nikiwa na sukari, majani chai na aibu yangu. Nikamwambia nataka kuusikia wote. Akaniuliza kama narekodi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Rekodi."

Mwaka 1954 serikali iliamua kuwatenga wapiganaji na watu waliokuwa wakiwalisha. Familia za Wakikuyu, Waembu na Wameru zikaondolewa kwenye mashamba yao na kufungiwa ndani ya vijiji vyenye ua, mitaro na minara ya ulinzi. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Halafu ukingoni mwa msitu watu wakalazimishwa kuchimba mtaro mrefu, na chini yake kuchomeka vijiti vya mianzi vilivyochongwa vikawa vikali, ili mtu asiweze kuvuka usiku na chakula. Upande wa Mlima Kenya mtaro huo ulienda takriban kilomita 80. Upande wetu wa Nyandarua ulichimbwa pia, na wachimbaji wengi walikuwa kina mama, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kizuizini ama msituni.

Cucu alikuwa na miaka kama 14. Kabla ya mtaro alikuwa mmoja wa wasichana waliopeleka chakula. Walikuwa wanaweka viazi vitamu na ndizi za kuchoma ndani ya kiondo, juu wanafunika kuni, wanaingia msituni jua likizama. Hakuwahi kumwona aliyekichukua. Unaweka mahali ulipoambiwa, unarudi bila kugeuka. Alijifunza kusikiliza. Ndege wakinyamaza ghafla, unalala chini.

Kisha wakahamishwa kijijini, na nyumba yao ikachomwa wakiangalia. Kila asubuhi ngati, wale walinzi waliokuwa upande wa serikali, waliwatoa wakiwa kwenye mstari mpaka ukingo wa msitu. Mama yake alichimba, yeye alibeba udongo kwa karai. Jioni walirudi na hawajagusa shamba, hawajatafuta chakula.

"Mdogo wangu alikufa pale kijijini," akasema. "Hakupigwa risasi. Hapakuwa na chakula."

Nikauliza alikuwa anaitwa nani. Akaniambia. Jina hilo nalijua, ni la mjomba wangu, yule aliyemwonyesha video. Miaka yote nilidhani ameitwa jina la mzee fulani wa zamani.

Halafu akasimama, akachukua fimbo, akanipeleka mwisho wa shamba. Pale ambapo majani ya ng'ombe yanaisha kuna bonde dogo, kama mkono mmoja kwenda chini, limejaa nyasi na magugu. Nililiruka hilo bonde mara elfu nikiwa mtoto. Tulikuwa tunacheza kujificha ndani yake. Ndio huo mtaro.

Hatua chache mbele yake kuna fensi ya umeme.

Hapo nikasimama nikitazama hiyo mistari miwili, mmoja wa udongo na mwingine wa waya, yote imechorwa kwenye ukingo uleule wa msitu, na kati yake haina hata mita hamsini. Mmoja ulichimbwa watu wasiingie. Mwingine ulijengwa wanyama wasitoke.

Kuhusu fensi, lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna watu mtandaoni wanasema kila kitu cha uhifadhi ni ukoloni umevaa nguo mpya. Baba yangu hawezi kukubaliana nao. Anakumbuka usiku wa kupiga madebe na kuwasha moto kwa sababu ndovu wameingia kwa mahindi. Unalima miezi mitano, wanamaliza kwa saa mbili, na asubuhi hakuna wa kumshtaki. Ujangili nao ulikuwa umewamaliza vifaru weusi. Mwaka 1989 shirika la Rhino Ark likaanza kujenga fensi, kwanza kulinda vifaru katika ile sehemu ya mbuga inayoteremka kuelekea Nyeri, baadaye ikaonekana ni heri izunguke msitu wote. Pesa nyingi zilitafutwa kupitia mashindano ya magari porini. Ilichukua miaka 20. Ilipokamilika Agosti 2009, Rais Kibaki, mtu wa Othaya papa hapa Nyeri, ndiye aliyeifungua, na urefu wake ulikuwa karibu kilomita 400. Watu wa kwetu waliajiriwa kuijenga, na mpaka leo wako vijana wanaoikagua na kukata nyasi zinazogusa nyaya. Baba analala. Huo nao ni uzuri.

Kwa hiyo sisemi mistari yote ni mibaya. Ninachosema ni kwamba kila mara mtu akichora mstari pale ukingoni, kuna swali moja la kuuliza: wanaoishi pale waliulizwa? Mbuga ilipotangazwa mwaka 1950, sijasikia mzee wa kwetu akisema aliulizwa. Mtaro, hilo hata usiulize. Fensi, angalau watu waliongeleshwa, na walikuwa na shida ambayo fensi ingetatua.

Na kuna mstari mwingine unaongelewa sasa. Ni barabara ya kutoka Ihithe, huku Nyeri, kupasua msitu na mbuga mpaka Ndunyu Njeru kule Nyandarua. Imebishaniwa miaka mingi, na imefika mpaka mahakamani. Ihithe si jina geni kwenu. Ndipo alipozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Yeye mwenyewe alisimulia vile kulikuwa na mugumo karibu na kwao, na kijito karibu na huo mti. Mugumo ulipokatwa, kijito kikapotea.

Nawajua watu wanaoitaka hiyo barabara, na si wabaya. Mkulima wa Ndunyu Njeru mwenye viazi na maziwa anazunguka mlima mzima kufika soko la Nyeri. Mama mjamzito naye anazunguka. Ukimwambia huyo mama kuhusu mbega na bongo, yule swala mwenye mistari anayejificha kwa mianzi, atakuangalia tu. Lakini pia nyinyi wa Nairobi, mkifungua mfereji Umoja ama Kileleshwa, maji mengi yanayotoka ni ya hii milima. Sasumua na Ndakaini zinajazwa na mito inayotoka Aberdare. Kwa hiyo huo mjadala ni wenu pia, hata kama hamjawahi kuona bongo. Mimi msimamo wangu ni kwamba msitu usipasuliwe, na mkulima wa Ndunyu Njeru asaidiwe kwa njia nyingine, tena haraka, si kwa ahadi.

Na inawezekana kuchora mstari kwa akili. Upande wa pili wa Mlima Kenya, ile barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ilikuwa inakata njia ya ndovu wanaoteremka kutoka mlimani kwenda msitu wa Ngare Ndare. Watu wakakaa chini, wakajenga njia ya kupita chini ya barabara. Tangu 2011 ndovu wanaitumia. Magari juu, ndovu chini, kila mtu anaenda kwake.

Kitu kingine kilichonikera nikifuatilia haya yote ni makaburi. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho hapa Nyeri na akafa Januari 1941. Kaburi lake liko mjini, limetunzwa, maskauti wanatoka dunia nzima kuliona. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India aliyekuwa Treetops usiku wa malkia, alikufa mwaka 1955 na amezikwa hapo hapo. Sina ubaya na makaburi yao. Lakini Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, huku kwao, tarehe 21 Oktoba 1956. Akahukumiwa hapa Nyeri. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia yake haijaonyeshwa kaburi lake. Tuna chuo kikuu chenye jina lake na sanamu yake iko Nairobi tangu 2007. Kaburi hatuna. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal na kukaa msituni mpaka uhuru, alibaki na nywele zake za msituni karibu miaka 70, zikakatwa mwaka 2022. Mwaka uliofuata akafariki. Ni wangapi kati yetu walimhoji akiwa hai? Mimi nilikuwa Nyeri na simu yenye kamera nzuri. Sikuenda.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliopitia mateso wakati ule, pauni milioni 19.9 kwa jumla. Cucu hakuwa mmoja wao. Nilipomuuliza kama anataka kuombwa msamaha akasema yeye anataka kitu kimoja tu: kuona ule msitu kwa ndani, mchana.

Kwa hiyo tulimpeleka.

Mjomba alikodisha gari, tukafunga chai kwa thamosi na ngwaci kwa kiondo. Tuliingia mbugani asubuhi. Kwanza unapita miti mikubwa yenye ndevu za kijani, kisha mianzi inabana barabara pande zote mpaka kunakuwa giza, kisha ghafla mianzi inaisha na unatokea kwenye uwanda wa juu, nyasi za dhahabu, lobelia zimesimama kama watu, na upepo unaokata masikio. Tuliona nyati. Tuliona mbega wakiruka na zile kanzu zao nyeusi na nyeupe. Chui hatukumwona, ila askari wa mbuga alituambia huku juu kuna chui weusi, na kuna mondo weusi pia, kama vile baridi imewapa rangi yake.

Tukafika maporomoko ya Karuru. Maji yanaanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273, marefu kuliko yote Kenya, na yanapotua bondeni huyaoni tena, unasikia tu. Nikatoa simu. Mazoea. Nikamgeukia cucu nimrekodi akishangaa.

Hakuwa anatazama maji. Alikuwa anatazama ule mteremko wa miti upande wa kwetu, mahali ambapo kwa mbali unaweza kukisia mashamba ya Tetu. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono juu ya fimbo. Mjomba akaanza kuuliza kama amechoka.

"Kumbe kulikuwa kuzuri hivi," akasema cucu. "Na mimi nilikuwa naingia usiku, nikiangalia miguu yangu."

Nikaizima simu.

Miaka themanini na kitu ameishi chini ya huo mlima. Amebeba chakula ndani yake, amechimba ukingo wake, amekunywa maji yake. Siku hiyo ndiyo ya kwanza aliutazama tu, bila kuogopa mtu. Mimi nilikuwa nimewauzia nyinyi huo uzuri kwa sekunde tisini kana kwamba ulikuwa wa bure.

Video mpya nimeitengeneza. Ina mtaro, ina fensi, ina jina la yule mtoto. Haijaenda kama ile ya malkia na pengine haitaenda, sawa tu. Ila kwenye maoni mtu wa Othaya ameandika jina la kijiji ambacho cucu yake alifungiwa, kisha mwingine wa Kerugoya akaandika chake, kisha wa Chuka. Ukurasa umejaa majina ya vijiji ambavyo sijawahi kuvisikia.

Kwa hiyo endeni mbugani. Aberdare, Mlima Kenya, yoyote iliyo karibu nanyi. Beba kitambulisho, funga chai, pigeni picha za kutosha, msitu ni wetu. Lakini kama bado una cucu ama guka aliyekua karibu na huo msitu, mpigie simu leo jioni kabla hujaposti. Muulize alichimba wapi.